Muwasho wa kinena usioisha na maumivu ya korodani yasiyo na jibu: jinsi ya kufuatilia

Kijana anayejikuna kinenani kwa miezi mitatu kwa kawaida hajakosa dawa. Amezitumia nyingi mno, na nyingi kati ya hizo hazikuwa za ugonjwa alio nao. Dukani alipewa krimu ya mchanganyiko yenye steroidi ndani yake. Zahanati akapimwa mkojo, akaambiwa ana "UTI sugu", akaanzishiwa antibayotiki ya tatu au ya nne. Krimu ile huwapa fangasi nafasi ya kutambaa, na antibayotiki hazifanyi kitu kwa maumivu yanayotoka kwenye misuli. Kabla ya kutoa hela nyingine, jua kwanza kinachowasha ni nini na kinachouma ni kipi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanyika kwa kioo, mwanga wa kutosha na maswali machache.

Majina ya dawa tumeyaacha kama yalivyochapwa kwenye boksi ili uweze kuyalinganisha ukiwa dukani.

Hatua ya 1: Ondoa dharura kwanza

Korodani moja ikianza kuuma ghafla na kwa nguvu, kila kitu kingine kwenye mwongozo huu kinasubiri. Korodani inaning'inia kwenye kamba yenye mishipa ya damu. Kamba hiyo ikijisokota, damu haipiti tena. Hutokea zaidi kati ya miaka 12 na 18, lakini wenye miaka ishirini na kitu nao hupatwa. Mara nyingi huanza usingizini, alfajiri, au baada ya mpira. Korodani hupanda juu na kulala kwa upana, na mgonjwa huhisi kichefuchefu au hutapika. Kuna vijana ambao kwa aibu husema tumbo la chini linauma tu. Mzazi anayesikia hivyo kwa mtoto wa kiume amuulize waziwazi kuhusu korodani.

Una takriban saa 6 tangu maumivu yaanze. Ikifunguliwa ndani ya muda huo, korodani nyingi hupona. Baada ya saa 24 nyingi zinakuwa zimekufa. Kinachopoteza muda ni kumeza panadol na kusubiri kupambazuke, halafu kwenda zahanati isiyo na chumba cha upasuaji, halafu kutafuta kipimo cha altrasaundi mtaa wa pili. Nenda moja kwa moja hospitali yenye upasuaji, sema "korodani imeanza kuuma ghafla saa fulani", na usile wala kunywa chochote njiani. Daktari mwenye shaka ya kutosha hupasua bila kusubiri altrasaundi.

Maumivu kama hayo yakija yakapotea yenyewe ndani ya saa moja au mbili usishukuru ukalala. Huenda kamba imejisokota ikajifungua. Nenda hospitali siku hiyohiyo, maana inaweza kurudia.

Dharura nyingine ni hizi: govi lililovutwa nyuma likakwama na kichwa cha uume kikavimba; uvimbe wa kinenani uliokuwa ukirudi ndani ukilala na sasa haurudi, unauma, huku mgonjwa akitapika (ngiri iliyonaswa); uume uliosimama zaidi ya saa 4 bila kulala; na ngozi ya sehemu za siri inayouma kupita kiasi, inayogeuka nyeusi au kutoa harufu huku uvimbe ukitambaa kwa saa chache. Hili la mwisho linaua, na wenye kisukari ndio wanaopatwa zaidi.

Hatua ya 2: Angalia ngozi kabla ya kununua kitu

Oga, jikaushe, simama kwenye mwanga wa dirisha na kioo cha mkononi. Usipake kitu chochote kwanza. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu, huenda usiuone kabisa. Tafuta weusi uliozidi, rangi ya kijivu au zambarau, magamba na kingo.

Kisha angalia mfuko wa korodani wenyewe. Fangasi wa kawaida wa kinena hukaa kwenye mkunjo wa paja na kushuka pajani kwa umbo la nusu duara: ukingo umeinuka na una magamba au vipele vidogo, katikati ngozi imetulia. Mfuko wa korodani kwa kawaida huwa haujaguswa. Ukiona mfuko nao umeshambuliwa, umelowa, na pembeni kuna vipele vidogo vilivyotawanyika mbali na doa kubwa, huyo ni kandida, fangasi wa aina nyingine anayependa unyevu. Kandida anayerudi mara kwa mara, hasa akiwa chini ya govi, ni sababu tosha ya kupima sukari ya damu na VVU.

Doa la kahawia lililo sawa pande zote, bila ukingo, lenye magamba laini na lisilowasha sana, mara nyingi si fangasi. Ni bakteria aitwaye Corynebacterium minutissimum. Chini ya taa maalumu ya zambarau ya daktari wa ngozi hung'aa rangi ya matumbawe mekundu, na hutibiwa kwa antibayotiki ya kupaka au ya kumeza. Mtu anaweza kupaka dawa ya fangasi mwaka mzima hapa na kupata nafuu ya nusunusu tu.

Muwasho unaozidi usiku ukishapata joto kitandani, ukiwa pia katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni na kuzunguka kitovu, pamoja na vinundu vigumu kwenye uume au mfuko wa korodani, ni upele (scabies), ugonjwa wa wadudu wadogo wanaochimba ndani ya ngozi, hadi ithibitike vinginevyo. Uliza unaolala nao chumba kimoja. Wakijikuna wawili, umeshapata jibu.

Ukiona vitu vidogo vilivyong'ang'ania mashina ya nywele za siri, na madoa ya damu kama vumbi la kutu kwenye chupi, hao ni chawa wa sehemu za siri. Vipele vyenye usaha kwenye mashina ya nywele siku chache baada ya kunyoa ni vya wembe. Acha kunyoa wiki nne, kisha punguza kwa mkasi au mashine badala ya kukata hadi kwenye ngozi. Malengelenge madogo yaliyojikusanya, yanayouma kuliko kuwasha, na yanayorudi mahali palepale, huenda ni malengelenge ya zinaa. Nenda ukaonwe yakiwa bado mabichi.

Mwisho kuna ngozi ya mfuko wa korodani iliyokuwa nene, yenye mikunjo mikubwa, bila magamba wala ukingo, inayowasha hasa ukiwa na mawazo au ukipumzika jioni. Hapo chanzo cha kwanza huenda kilishaondoka. Kilichobaki ni kujikuna kunakonenepesha ngozi, na ngozi nene kuwasha zaidi.

Hatua ya 3: Fangasi watibiwe hadi mwisho

Chagua krimu yenye dawa moja tu. Clotrimazole 1% hupakwa mara mbili kwa siku kwa wiki 2 hadi 4. Terbinafine 1% hupakwa mara moja kwa siku, wiki 1 hadi 2, na kwa fangasi wa kawaida wa kinena huwa ya haraka zaidi. Ila kwa kandida terbinafine ni dhaifu. Kama hujui una yupi kati ya hao wawili, chukua clotrimazole.

Soma boksi. Ukikuta betamethasone, clobetasol, dexamethasone au mometasone, hiyo ina steroidi, irudishe. Steroidi hunyamazisha muwasho ndani ya siku mbili kwa kuilaza kinga ya ngozi, na fangasi hutambaa bila kizuizi. Ukiacha, muwasho hurudi ukiwa mkali zaidi, unapaka tena, na baada ya wiki kadhaa ule ukingo unaotambulisha fangasi unafutika hata daktari anababaika. Ngozi ya kinena ni nyembamba na imefunikwa, hivyo hunywa dawa nyingi kuliko ngozi ya mkono. Matokeo yake ni michirizi kama ya uzazi kwenye mapaja, na hiyo haifutiki.

Jinsi ya kupaka:

1. Osha kwa maji na sabuni isiyo na manukato, suuza vizuri. Dodoki usitumie.
2. Kausha kwa kugusagusa kwa taulo lako peke yako, kisha kaa bila nguo dakika 5. Krimu juu ya ngozi yenye majimaji inafungia unyevu ndani.
3. Kamua krimu ndefu kama kipande cha mwisho cha kidole cha shahada. Hiyo ni takriban nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili, yaani pande zote mbili za kinena.
4. Paka kuanzia nje kuelekea katikati, ukivuka ukingo kwa sentimita 2. Fangasi hai wako kwenye ukingo. Anayepaka katikati tu anatibu mahali walipokwisha pita.
5. Endelea angalau wiki moja baada ya ngozi kuonekana safi. Watu wengi hukosea kwa kuacha mara tu ngozi inapoonekana safi.

Kwa clotrimazole mara mbili kwa siku unatumia gramu 1, hivyo tyubu ya gramu 20 inatosha siku 20. Kama imekwisha siku ya tano, unapaka nyingi kupita kiasi. Kama baada ya mwezi bado imejaa, hukuwa ukipaka.

Sasa vua soksi. Fangasi wa kinena mara nyingi hutoka miguuni: ngozi nyeupe iliyolowa katikati ya vidole, au nyayo zenye unga mkavu. Chupi inapopita mguuni hubeba fangasi hadi juu. Tibu miguu kwa wakati mmoja, na vaa soksi kabla ya chupi. Tumia taulo tofauti la miguu.

Chupi iwe ya pamba, isiyobana mapaja, ibadilishwe kila siku na kila baada ya kutoka jasho. Ianike juani, si nyuma ya mlango wa bafu, na ipigwe pasi. Pasi ina faida nyingine: huua mayai ya nzi wa funza anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa kivulini. Usiku lala na msuli au kikoi bila chupi. Dereva wa bodaboda au mlinzi anayekaa na jinzi saa 12 abebe chupi ya pili ya kubadilisha mchana. Hii peke yake hupunguza tatizo kwa wengi.

Wiki 4 za kupaka sawasawa bila nafuu, au fangasi waliosambaa hadi makalio na tumbo, wanahitaji vidonge kwa maelekezo ya daktari. Omba kwanza ngozi ikwanguliwe kwenye ukingo na kuangaliwa kwa hadubini. Ni kipimo rahisi. Ketoconazole ya kumeza isitumike kwa kazi hii. Mwaka 2013 mamlaka za dawa za Ulaya na Marekani ziliizuia kwa fangasi wa ngozi kwa sababu ya kuharibu ini, lakini bado kuna wanaoiuza kiholela. Kwa walioko Ghuba au waliorudi kutoka Bara Hindi kuna jambo la ziada: aina ya fangasi iitwayo Trichophyton indotineae, iliyoanzia kusambaa Bara Hindi, mara nyingi haisikii terbinafine. Mwambie daktari ulikokuwa, atachagua dawa nyingine kama itraconazole.

Hatua ya 4: Upele hauponi kwa kutibu mtu mmoja

Permethrin 5%: tyubu ya gramu 30 ni ya mtu mzima mmoja kwa mpako mmoja. Paka jioni mwili mkavu uliopoa, kuanzia shingoni hadi unyayoni, ukipitia chini ya kucha, kitovu, katikati ya makalio, mfuko wa korodani na uume wote. Kaa nayo saa 8 hadi 14, kisha oga. Ukinawa mikono usiku, paka tena mikononi. Rudia baada ya siku 7. Benzyl benzoate 25%, ambayo ni nafuu na inapatikana vijijini, nayo hupakwa mwili mzima na kurudiwa siku inayofuata bila kuoga katikati, kisha huoshwa baada ya saa 24. Inachoma sehemu za siri, na hiyo ni kawaida mradi ngozi haijachubuka.

Wote wa chumba, pamoja na mwenza wako hata asipowashwa, wapake usiku uleule. Bwenini hapo ndipo inaposhindikana. Shuka, nguo na taulo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kukaushwa juani, au zifungwe kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja.

Muwasho huendelea wiki 2 hadi 4 baada ya wadudu kufa, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki yao. Vinundu kwenye uume vinaweza kudumu miezi. Usipake dawa kila siku kwa hofu. Permethrin iliyozidi nayo inawasha.

Hatua ya 5: Ngozi iliyochoshwa na usafi

Muwasho usio na ukingo, usio na vinundu, kwa kijana anayejisugua mara tatu kwa siku kwa sabuni ya dawa, mara nyingi unatokana na sabuni hiyo. Dawa ya kuua vijidudu isiyozimuliwa, spiriti, ndimu na kitunguu saumu huunguza ngozi hii. Kitunguu saumu kinaweza kutoa malengelenge kabisa. Marhamu ya fangasi iitwayo Whitfield, inayofaa nyayo ngumu, nayo ni kali mno kinenani.

Acha vyote kwa wiki 2. Osha kwa maji tu, paka mafuta ya mgando yasiyo na harufu mara mbili kwa siku, suuza chupi mara tatu ili sabuni ya unga isibaki. Kata kucha. Usiku ukizidiwa, bonyeza kitambaa kilicholoweshwa maji baridi badala ya kujikuna. Ngozi iliyokwisha kuwa nene inahitaji daktari wa ngozi. Hapa steroidi ina nafasi yake, kwa muda mfupi na baada ya fangasi kuthibitishwa kuwa hawapo.

Hatua ya 6: Maumivu bila kidonda wala upele

Jiulize yalianzaje. Yaliyokuja polepole kwa siku kadhaa, nyuma ya korodani, pengine na homa, majimaji kutoka kwenye uume au kuungua wakati wa kukojoa, yanaelekeza kwenye mirija ya mbegu iliyoshambuliwa. Kwa aliye chini ya miaka 35 anayefanya ngono, klamidia na kisonono ndio wa kwanza kushukiwa. Tiba ni sindano pamoja na vidonge vya siku 10, si dozi ya siku 3 ya dukani. Mwenza wa siku 60 zilizopita atibiwe, na msikutane hadi siku 7 baada ya wote kumaliza. Watu husema ukiinua korodani ikatulia basi haijajisokota. Kipimo hicho si cha kutegemea.

Uzito unaovuta, karibu kila mara kushoto, unaozidi jioni baada ya kusimama na kupungua ukilala, huku juu ya korodani ukipapasa kama minyoo ndani ya mfuko, ni mishipa ya damu iliyotanuka. Takriban wanaume 15 kwa kila 100 wanayo, wengi bila shida. Chupi inayoshikilia vizuri inasaidia. Ikiwa kulia peke yake, au haipungui ukilala, omba altrasaundi ya korodani na ya tumbo.

Uvimbe wa maji usiouma ni busha, uvimbe unaosukumwa ukikohoa ni ngiri. Vyote ni vya daktari wa upasuaji. Kinundu kigumu ndani ya korodani, hata kisipouma, kipigwe altrasaundi wiki hiyohiyo, kwa kuwa saratani ya korodani huwapata zaidi vijana wa miaka 15 hadi 35.

Uliyeoga au kufanya kazi kwenye mabwawa, vijito au mashamba ya mpunga, Unguja na Pemba, Kanda ya Ziwa au pwani ya Kenya, fikiria kichocho: maumivu chini ya kitovu, damu mwishoni mwa mkojo, wakati mwingine damu kwenye shahawa. Mkojo wa kipimo utolewe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, mayai yanapotoka kwa wingi. Praziquantel ni miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili kwa mara moja. Mwenye kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, baada ya kula.

Limebaki sasa lile kundi kubwa: maumivu ya zaidi ya miezi 3 yanayohama kati ya msamba, korodani, ncha ya uume na chini ya kitovu, yanayozidi ukikaa au baada ya kumwaga, na vipimo vyote ni safi. Hii ndiyo inayopachikwa jina la UTI sugu. Kwa wengi, misuli ya sakafu ya nyonga imekaza na haiachii. Wauza dawa za mitishamba hutia chumvi hapa kwa kusema punyeto imeua mishipa. Haijaua kitu, na hofu hiyo inakaza misuli zaidi.

Fanya hivi kila siku. Lala chali, magoti yamekunjwa. Vuta hewa kwa pua sekunde 4, tumbo lipande, usikie msamba ukishuka kama unavyoanza kukojoa. Toa hewa sekunde 6. Endelea dakika 10, asubuhi na usiku. Kisha chuchumaa chini kabisa sekunde 30, mara 3, ukishikilia mlango kama visigino vinanyanyuka. Kaa kwenye beseni la maji ya vuguvugu dakika 15 jioni. Inuka kwenye kiti au pikipiki kila dakika 40, na tibu choo kigumu, kwa sababu kujikamua hukaza misuli ileile. Mazoezi ya kubana msamba yanayosifiwa mitandaoni usiyafanye. Unakaza kilichokwisha kaza. Tarajia mabadiliko baada ya wiki 6 hadi 12. Hospitali yenye mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga itafupisha safari.

Hatua ya 7: Ukifika kwa daktari

Usipake kitu siku hiyo. Beba maboksi yote uliyotumia, hata matupu. Usikojoe kwa saa 1 kabla. Mkojo wa kutafuta klamidia na kisonono ni ule wa mwanzo kabisa wa kukojoa. Wa kutafuta UTI ni wa katikati. Ukitoa usio sahihi, majibu nayo hayatakuwa sahihi. Chembe chache za usaha kwenye karatasi ya majibu si ushahidi wa UTI kwa kijana wa kiume. Kabla ya antibayotiki nyingine, omba mkojo uoteshwe, na dozi isianze hadi sampuli imetoka. Pima VVU, kaswende na sukari kwa mkupuo mmoja. Mweleze maumivu yalianza lini, upande gani, yanazidi ukifanya nini, na kama umebadilisha mwenza. Ukimwonea aibu daktari wa kike au wa kiume, una haki ya kuomba mwingine.